Ghala Lisilofungwa kwa Kufuli

Baba mmoja wa Masisi, aliyekimbia pamoja na jamaa yake vita vilipofika kwao mwezi wa Januari 2025, alitusimulia jinsi alivyoondoka nyumbani. Mkewe alibeba mtoto na sufuria. Yeye alijitwika gunia la maharagwe. Sanduku la bati lenye karatasi lilibaki chini ya kitanda. Ndani yake mlikuwa na cheti cha ndoa, karatasi ya shamba, na daftari moja kuukuu. Katika daftari hilo marehemu babaye, aliyekuwa katekista, alikuwa ameandika mithali na hadithi za Kihunde alizozipokea kwa wazee. "Vyeti nitaviomba tena," alituambia, "lakini lile daftari nitaliomba kwa nani?"

Swali hilo lilitukaa moyoni, nalo ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari lenyewe likipotea, je?

Wasomaji wapendwa, yapo duniani leo maghala ya namna nyingine. Hayatunzi mahindi wala mtama. Yanatunza kazi za watu wa elimu. Huitwa hifadhi wazi za utafiti. Chuo kikuu, akademia au makumbusho hupokea kazi za wataalamu, huzipa kila moja namba ya kudumu ili isipotee, kisha huziweka katika intaneti, msomaji azichukue bila kulipa. Kazi hiyo haikuanza jana. Mwaka 1991 mtaalamu wa fizikia Paul Ginsparg alifungua huko Marekani hifadhi iitwayo arXiv. Mwaka 2001 Ufaransa ilianzisha hifadhi yake iitwayo HAL. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana Budapest walitangaza kwamba matunda ya utafiti yafaa kuwa wazi kwa watu wote. Mwaka 2013 ikafunguliwa Zenodo, ambayo hupokea kazi za mtafiti wa nchi yoyote.

Labda mtauliza: hayo yatuhusu nini sisi wa Masisi na Walikale? Wengi hudhani kwamba maghala hayo yamejaa hesabu ngumu tu. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki kimejazwa vitu vya kila namna: makala na tesi, ramani na picha, sauti za ngoma, orodha za maneno, majani makavu yaliyobandikwa kwenye karatasi, hesabu za wanyama, na taarifa za serikali za kale. Humo mna na vitu vyetu.

Tuanze na Walikale. Mwaka 1956, katika kijiji cha Bese, mzee mmoja Mnyanga, She-Karisi Rureke, alisimulia utenzi wa Mwindo mbele ya Mbelgiji Daniel Biebuyck na wasaidizi wake. Kwa desturi utenzi huo haukusimuliwa wote mfululizo. Safari hiyo Rureke aliusimulia tangu mwanzo hata mwisho kwa muda wa siku 12, akiimba na kucheza, nao wakiandika neno kwa neno. Mwaka 1969 Biebuyck na Kahombo Mateene, mtaalamu wa lugha aliye mwana wa Wanyanga wenyewe, waliutoa kitabuni.

Wazee wa Walikale wamjua Mwindo kabla ya kitabu chochote. Babaye, Shemwindo, mtemi wa Tubondo, hakutaka mtoto wa kiume. Akajaribu kumzika akiwa hai, akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mwindo akaokoka, akaenda kwa shangazi yake Iyangura, kisha akamfuatia babaye hata kuzimu. Alipompata hakumwua. Walirudi pamoja, wakapatana, wakagawana utawala. Mwindo mwenyewe alipojivuna baadaye, alichukuliwa juu mbinguni akafundishwa unyenyekevu kwa mwaka mzima. Ni jamaa ngapi katika nchi yetu zinazohitaji kusikia hadithi hiyo leo, ya mtoto aliyedhulumiwa akakubali kupatana?

Mwaka 1970 wataalamu hao wawili walitoa mkusanyo mwingine wa fasihi simulizi ya Wanyanga, kwa Kinyanga na Kifaransa. Mchapishaji alikuwa Akademia ya Kifalme ya Sayansi za Ng'ambo, ya Brussels. Akademia hiyo imeziweka kazi zake za zamani wazi katika intaneti. Maana yake, mwalimu wa Walikale mwenye simu na mtandao aweza kumsomea mtoto wake maneno ya babu zake, yaliyokaa miaka mingi katika maktaba za Ulaya. Akademia hiyohiyo ilitoa mwaka 1966 kitabu cha Biebuyck juu ya haki za ardhi na mazao yake kwa Wanyanga. Kila mtu wa huku ajua jinsi neno "ardhi" lilivyo zito.

Tupande sasa hata milima ya Masisi. Mwaka 1992 Mjapani Shigeki Kaji alichapisha huko Tokyo msamiati wa Kihunde. Mtoto aliyezaliwa kambini, asiyejua jina la ndege wala la mti kwa lugha ya nyanyake, aweza kulitafuta humo. Wataalamu wa mawe nao wamechora ramani za mito ya moto iliyotoka katika milima yetu, hata ule wa Nyamulagira wa miaka 1938 hadi 1940, uliofika Ziwa Kivu karibu na Sake. Ramani kama hizo si mapambo ya ukutani. Humwonyesha anayetaka kujenga ni wapi moto ulikwisha kupita.

Katika bustani ya mimea ya Meise, karibu na Brussels, yametunzwa majani na maua makavu ya Kongo tangu zamani. Kati ya miaka 2015 na 2018 vipande kama milioni 1.2, vingi vyao vya Afrika, vilipigwa picha na kuwekwa wazi. Huko Tervuren, Makumbusho ya Afrika yana makumi ya maelfu ya vipande vya miti pamoja na sauti za ngoma na nyimbo. Na huko Afrika ya Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha Hugh Tracey mwaka 1954, zimo nyimbo alizozirekodi mwaka 1952 kandokando ya msitu wa Ituri, hata nyimbo za jirani zetu Wanande.

Lakini tahadhari. Kitu kutunzwa ghalani si ushuhuda kwamba ni kweli tupu. Ghalani hukaa nafaka safi na nafaka yenye wadudu, na mama mwenye busara hupepeta kabla ya kupika. Tutoe mifano miwili.

Wa kwanza ni sokwe wakubwa wa nchi yetu, ambao baadhi yao hukaa katika misitu ya Walikale. Mwaka 2016 wataalamu walitangaza wazi kwa wote kwamba wamebaki 3,800 tu, kutoka kama 16,900 katika miaka ya 1990. Mwaka 2021 wakakadiria 6,800. Je, walizaana hivyo kwa miaka mitano? La. Habari zilizidi, na njia ya kuhesabu ikawa bora. Kwa kuwa hesabu ya kwanza ilikuwa wazi, wengine waliweza kuipima na kuisahihisha, wala hakuna aliyefedheheka. Hiyo ndiyo tabia ya elimu ya kweli: haioni haya kusahihishwa.

Mfano wa pili ni mchungu zaidi. Tangu mwaka 1937 serikali ya Ubelgiji ilileta jamaa nyingi kutoka Rwanda na kuzikalisha Gishari, katika Masisi. Kazi hiyo iliendelea hata mwaka 1955, na utemi wa Gishari ukafutwa mwaka 1957. Mambo hayo yameandikwa katika taarifa za wakoloni na katika vitabu vya wataalamu wengi. Taarifa ya mkoloni husema aliyoyataka mkoloni: mashamba yapate wafanyakazi, na Rwanda ipunguziwe watu. Haisemi aliyoyaona mwenyeji aliyeambiwa asogee, wala mgeni aliyeagizwa ahame kwao. Mtu akichukua ukurasa mmoja tu apate silaha ya kumpigia jirani, amelitia ghala moto. Akisoma kurasa zote, pamoja na jirani yake, ataona kwamba wote wawili walipangwa na mtu wa tatu. Ndiyo sababu twasema karatasi hizo ziwe wazi: siri huzaa uvumi, na uvumi umekwisha kutuzikia watu wengi mno.

Kanisa nalo limeifuata njia hiyo. Mwaka 1881 Baba Mtakatifu Leo XIII aliwafungulia wataalamu hifadhi ya nyaraka ya Vatikano. Mwezi wa Machi 2020 Baba Mtakatifu Fransisko aliwafungulia nyaraka za wakati wa Pio XII. Mwenye kuamini kwamba Mungu ndiye kweli, aogope karatasi gani?

Basi, tufanye nini? Kwanza, wanafunzi wetu wa vyuo vikuu vya Goma na Bukavu wasiache tesi zao zioze katika makabati. Waziweke katika hifadhi wazi, kwa majina yao na kwa idhini ya walimu wao. Pili, tuandike. Mzee akisema, kijana na awe na kalamu, au arekodi sauti kwa simu, akiandika jina la msemaji, kijiji na tarehe. Tatu, tuombe ruhusa. Si kila neno la wazee ni la soko. Yapo ya jamaa, na yapo ya siri ya ukoo. Tena jina la mtu ambaye angedhuriwa likitajwa, lisitangazwe. Nne, wenye kujua Kifaransa na Kiingereza wawafasirie wasiojua, kwani ghala lililo wazi kwa lugha isiyofahamika bado lina komeo.

Twajua kwamba mtandao ni ghali, na kwamba pengine umeme haupo. Lakini mtu mmoja katika parokia akichukua kazi moja na kuichapa, darasa zima litaisoma. Bwana wetu alimfananisha mwandishi mwema na mwenye nyumba anayetoa katika hazina yake vitu vipya na vya kale. Hakusema avifiche.

Na yule baba wa Masisi? Tulimwonyesha msamiati wa Kihunde katika simu. Alifurahi, akasoma maneno mengi kwa sauti, na moja alilipinga akasema kwao hutamkwa vingine. Kisha akanyamaza, kwa kuwa mithali za babaye hazikuwamo. Hakuna aliyewahi kuzipeleka. Siku chache baadaye tulimkuta ameketi na binti yake mkubwa, mwanafunzi wa sekondari, mwenye daftari jipya magotini. Baba alikuwa akikumbuka, binti akiandika. Walikuwa wamefikia mithali ya kumi na saba.