BREKI KWANZA, NDIPO INJINI

Mwenye gari kuukuu ni kama mwenye jahazi la urithi: haliuzi, wala halimpi raha. Hapa Mkomani, kama mitaa mingine ya Mombasa, hakosekani mtu aliyeachiwa na mzee wake Peugeot 404 au Morris Minor, naye hana haja nyingine ila kulirudishia ujana wake. Akifika kwa fundi, la kwanza kuuliza ni mbio. Hedi ichongwe, kabureta ziwe mbili, ekzosi ipanuliwe. Breki hazitaji.

Hapo ndipo tunapotaka kuzungumza naye, kwani njia atakayoipita ni ya kwenda soko la Kongowea, na mbele yake kuna mikokoteni, akina mama na watoto watokao chuoni.

Hesabu yenyewe si ngumu. Gari la kilomita 60 kwa saa likifikishwa 120, kazi ya breki haiongezeki mara mbili, bali mara nne, na kazi yote hiyo hugeuka moto. Breki za dramu, ambazo ndizo za magari mengi ya zamani, huufungia moto huo ndani. Dramu hutanuka ikakimbia kiatu chake, ukakanyaga bure. Diski iko wazi, upepo huipoza. Jaguar iliposhinda mashindano ya Le Mans mwaka 1953, diski ziliiwezesha kuchelewa kukanyaga kuliko wenzake.

Atatokea wa kupinga: mbona 404 ilishinda Safari Rally kwa breki zake za kale? Ni kweli. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7, na wa kwanza alikuwa Nick Nowicki katika 404. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza 7 vilevile, na wa kwanza ni yeye yule, kwa gari la aina ile ile. Naye Joginder Singh, mshindi wa mwaka 1965 kwa Volvo iliyokwisha kutumika, alikuwa fundi mwenyewe. Hao waliyajua magari yao kwa ndani. Tena hawakuteremka Mazeras wakiwa wamebanwa na malori mbele na nyuma.

Anayetaka diski za mbele ajue kwamba si kufunga na kuondoka. Dramu hujisaidia yenyewe kushika. Diski haijisaidii, hivyo yataka msukumo mkubwa zaidi, na mara nyingi buusta. Masta silinda ya dramu nayo huwa na valvu ya kuzuia mafuta yasirudi yote. Ikiachwa, pedi zitasugua diski mchana kutwa. Na nyuma zikishika kuliko mbele, gari litazunguka kama pia. Fundi asiyeyapima haya, afadhali akuachie dramu zako, azisafishe na kuzirekebisha. Lakini asilipulize vumbi lake kwa upepo wa kompresa: viatu vya zamani vilitengenezwa kwa asbesto, nayo huua mapafu.

Lipo na jambo letu sisi watu wa pwani. Mafuta ya breki hunywa maji ya hewani, na hewa yetu haina uhaba wa maji. Yale ya DOT 3, yakiwa mapya, hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Sentigredi. Yakishakunywa maji huweza kuchemka kwenye 140. Yakichemka huwa mvuke, mvuke hubonyea, na pedali huzama hadi sakafuni. Kuyabadilisha kila miaka miwili si anasa.

Hayo yakitimia, haya, injini. Hedi ikichongwa mno, petroli hulipuka kabla ya wakati wake, hasa katika joto la Kaskazi, kwa hiyo rejeta itazamwe kwanza. Aidha, petroli yenye risasi imetoweka vituoni Kenya tangu 2006. Injini kama ya Morris Minor, yenye hedi ya chuma, iliitegemea risasi hiyo kulinda viti vya valvu. Sasa yafaa itiwe viti vigumu.

Dramu za nyuma mafundi wengi huziacha pale pale, kwani breki ya mkono hushika vyema juu yake. Mwenye kungoja feri ya Likoni kwenye ule mteremko, huku umati umejaa mbele ya bampa yake, hahitaji kuelezwa kwa nini.