Mashine za Kunyanyulia Magunia Ghalani

Wengi wenu mliopeleka mazao kwenye maghala makubwa mmeiona ile mashine yenye meno mawili ya chuma mbele, inayonyanyua mizigo. Hiyo ndiyo foklifti. Je, chama chenu cha msingi nacho kinunue? Kabla ya kutoa fedha za wanachama, hebu tutazame aina tatu za mashine hizi.

Ya kwanza ni toroli la chaga. Hili husukumwa kwa mkono. Unaingiza meno yake chini ya chaga, unapampu mpini, na mzigo unaachana na sakafu. Mtu mmoja anaweza kuvuta tani 1, yaani magunia 20 ya kilo 50. Lakini haliwezi kupandisha mzigo juu ya mwingine.

Ya pili ni foklifti ya kawaida. Nyuma ina chuma kizito kinacholingana na mzigo ulio mbele, kama mizani. Ukizidisha mzigo, au ukiuweka kwenye ncha za meno, mashine hupinduka kwa mbele. Ya dizeli inafaa uwanjani, kupakia lori. Ndani ya ghala tumia ya betri, kwa maana moshi wa dizeli ukifungiwa ndani ni sumu.

Ya tatu ni foklifti ya rafu. Hii hupita katika vichochoro vyembamba na kupandisha mizigo kwenye rafu ndefu. Ghala linalopanga magunia chini, juu ya chaga, haliihitaji.

Sasa turudi kwenye swali letu. Foklifti inataka sakafu ya zege ngumu, nafasi pana ya kugeukia, dereva aliyefunzwa na fundi wa karibu. Kama ghala lenu ni dogo na hupokea mazao miezi michache tu kwa mwaka, mashine hiyo italala bure na fedha zenu pia. Nunueni toroli la chaga, zibeni mashimo ya sakafu, na tengenezeni chaga za mbao. Chaga huzuia unyevu wa sakafu usipande kwenye magunia na kuleta ukungu. Acheni nafasi ya mita 1 kati ya magunia na ukuta, mpate kupita na kukagua wadudu.

Na wewe unayepeleka mazao ghala kuu kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, jihadhari. Usipite chini ya meno yaliyoinuliwa, hata kama ni matupu. Usikubali kupandishwa juu yake. Usisimame ubavuni wala nyuma ya foklifti, kwa kuwa hukata kona kwa magurudumu ya nyuma, na mkia wake hufagia upande kwa ghafla. Gunia likipasuka litashonwa. Mguu ukisagwa, msimu mzima umekwenda.

Mpaka hapo, ndugu wakulima, kazi njema.