China kwa nauli ya daladala

Wafanyabiashara wa Kariakoo wakirudi kutoka Guangzhou huwa na picha mbili kwenye simu: moja wamesimama chini ya ghorofa refu, nyingine wako uwanja wa ndege na mabegi yaliyofungwa kwa gundi ya karatasi. Ukuta Mkuu hawajauona. Uko kaskazini huko, mbali, na viza ina siku zake. Serikali ya China ilitangaza 2012 kwamba ukijumlisha vipande vyote vya enzi zote, ukuta huo una kilomita 21,196. Kwa mtu wa Mbagala au Tandale hiyo ni habari ya kusikia redioni tu. Lakini kuna China nyingine huku kwetu pembezoni mwa jiji, nayo ina rekodi zake. Nimeizunguka kwa daladala, bajaji na miguu, na nasema mapema: si kila rekodi inastahili nauli yako.

Tuanze na iliyo ndefu kuliko zote. Ukishuka Tazara, pale Barabara ya Nyerere inapokutana na Mandela, usidanganywe na barabara ya juu. Hiyo ya Mfugale, iliyofunguliwa 2018, ni kazi ya Wajapani; sisi tumezoea kila zege kubwa kuliita la Mchina. La Mchina ni stesheni iliyo hapo jirani. Kutoka hapo reli inakwenda kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi, Zambia. Mataifa ya Magharibi yalikuwa yamesema mradi haulipi. Nyerere na Kaunda wakamgeukia Mao, makubaliano yakasainiwa Beijing Septemba 1967, kazi ikaanza 1970, na kufikia 1975 reli ilikuwa imefika mwisho wa njia. China ilitoa mkopo usio na riba wa yuan milioni 988, na wakati huo haikuwa na mradi wa msaada mkubwa kuliko huo popote nje ya mipaka yake.

Namba zake ni za kutembea nazo. Mahandaki 22. Madaraja zaidi ya 300. Pagumu kuliko pote ni kati ya Mlimba na Makambako, ambako daraja la mto Mpanga limekaa juu ya nguzo za mita 50, na abiria mwenye kizunguzungu hufunga dirisha. Halafu treni inapanda mpaka Uyole, Mbeya, mita 1,789 juu ya usawa wa bahari, na hapo ndipo kileleni pa njia nzima. Kabla ya milima kuna Hifadhi ya Nyerere, zamani Selous, na mtu anaweza kumwona twiga akiwa na kikombe cha chai mkononi. Mwaka 2025 Tanzania na Zambia zilisaini mkataba na kampuni ya Kichina ya CCECC wa kuifufua reli hii kwa dola bilioni 1.4. Kwa hiyo ulizia kwanza safari zikoje kabla hujakanda unga wa chapati za njiani.

Reli hiyo ina makaburi yake. Panda gari la Gongo la Mboto, kisha chukua boda uende Majohe. Katika mzunguko wangu wote sikupata mahali penye kimya kuliko hapa. Wamelala wataalamu wa Kichina wapatao 70, wengi wao wa kazi ya reli, katika safu zilizonyooka, na majina yamechongwa kwa herufi za kwao. Kuna aliyekufa wakati wa kupima njia porini, akashambuliwa na nyuki. Xi Jinping alikuja kuweka maua Machi 2013. Kila mwaka mwezi wa nne, kwenye sikukuu yao ya Qingming, Wachina wa hapa mjini huja kuwazuru wenzao, kama watu wa pwani wanavyokwenda kufyeka makaburi ya wazee mwezi wa Shaabani. Ukienda, vaa kama unakwenda msibani, na usipige kelele.

Uwanja wa Benjamin Mkapa, Temeke, nautaja haraka maana kila mtu anaujua. Ni mkubwa kuliko vyote nchini, viti 60,000, umejengwa na kampuni ya Beijing Construction Engineering Group na kufunguliwa 2007. Mwaka 2023 peke yake Yanga walicheza hapo mechi ya kwanza ya fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya USM Alger wakalala 2-1, na Simba wakatoka 2-2 na Al Ahly katika mechi ya kufungua Ligi ya Soka ya Afrika. Mashabiki wa Simba wana msemo wao, kwa Mkapa hatoki mtu. Wageni wachache wametoka, tuseme ukweli. Siku isiyo na mechi utaona geti na mlinzi.

Daraja la Nyerere, kutoka Kurasini kwenda Kigamboni, ni rekodi iliyovuliwa nguo. Lina mita 680, lilijengwa na kampuni za Kichina, na lilipofunguliwa Aprili 2016 lilisifiwa kuwa refu kuliko madaraja yote ya nyaya Afrika Mashariki. Juni 2025 likafunguliwa la Kigongo–Busisi kule Mwanza, la Wachina pia, kilomita tatu. Basi. Mimi bado nalipenda la kwetu kwa sababu unaweza kulivuka kwa miguu jioni, mkondo wa bahari chini yako, meli zikiwa upande wa bandari.

Sasa Kunduchi, na hapa ningekaa siku nzima. Ni Kinondoni hii hii: shuka Mtongani, elekea baharini. Katikati ya mibuyu kuna mabaki ya msikiti wa karne ya 15 au 16, na makaburi ya nguzo ya karne ya 18. Mafundi walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa ikiwa bado mbichi wakapachika bakuli na sahani za kaure za Kichina zitazame nje. Nyingi zimeng'olewa. Kilichobaki ni matundu ya mviringo, mengine mapana kama kiganja kilichotandazwa. Pitisha kidole ndani utakuta chokaa laini iliyochukua umbo la kitako cha bakuli, pamoja na duara lake dogo la kusimamia. Bakuli halipo, alama yake ipo.

Mwanaakiolojia Mwingereza Mortimer Wheeler alipopita pwani hii 1955 alisema hajawahi kuona vigae vingi vya kaure ya Kichina kiasi hicho maishani mwake. Na si vyombo tu: kule Kajengwa, Unguja, lilichimbuliwa fungu la sarafu za Kichina, nyingi za enzi ya nasaba ya Song, kwa hiyo zina umri mkubwa kuliko msikiti wa Kunduchi. Biashara hiyo ilipita mikono mingi, Wahindi, Waarabu, watu wa Ghuba, kila mmoja akingoja upepo wake. Mwaka 1415 mzigo ulikwenda upande wa pili: twiga kutoka Malindi alifikishwa mbele ya mfalme Yongle, na huko Beijing wakamdhania mnyama wa baraka anayetajwa katika hadithi zao.

Ndiyo maana kwa anayekwenda Guangzhou kufuata mzigo nina ombi moja tu. Ukuta Mkuu uache. Hapo hapo mjini kuna msikiti wa Huaisheng, miongoni mwa mikongwe kuliko yote China, wenye mnara wa mita 36 uliokuwa ukiwaongoza mabaharia wanaoingia bandarini. Swali Adhuhuri pale, kisha rudi kwenye bei zako.

Kunduchi nenda asubuhi, jua halijakaza. Mimi nilipotoka makaburini nilishuka mpaka kwenye samaki, nikaletewa changu wa kukaanga kwenye sahani nyeupe yenye maua ya buluu ukingoni. Nikasogeza ugali pembeni, nikaiinua kidogo kusoma chini yake imetoka wapi. Imetoka China. Mama lishe akanitazama kwa jicho la upande, akaniuliza kama nimetumwa na bwana afya.