Pasi ya Nywele Mkononi mwa Mama

Mama msomaji, yafaa tuanze na jambo lililotuuma. Mama mmoja hapa Dar es Salaam alikuwa akimwandaa binti yake kwa Kipaimara. Gauni jeupe lilikuwa tayari, wageni kutoka Moshi walikwisha kufika, na msusi aliyeahidi kuja Jumamosi jioni hakutokea. Saa tatu usiku mama aliazima pasi ya nywele kwa jirani, akamwosha binti kichwa, akampangusa kwa taulo, akaanza kunyoosha. Nywele zilitoa mvuke na sauti kama ya chapati kikaangoni. Asubuhi binti alipendeza, na kila mtu alisema hivyo. Wiki mbili baadaye kichwa kilipooshwa, nywele za nyuma zilijikunja kama kawaida yake. Za mbele, upana wa kiganja, zilibaki zimelala kama katani, na zilipochanwa zikakatika. Mtoto akauliza, "Mama, kwani nywele zangu zilikuwa na kosa gani?"

Mama huyo alitusimulia mwenyewe, akaturuhusu kuandika bila kumtaja jina. Sisi tunaoandaa ukurasa huu tu watatu, na wawili kati yetu tumewahi kufanya kosa lile lile vichwani mwetu wenyewe.

Kilichotokea ni hiki. Ndani ya kila unywele mna vifungo vidogo sana vinavyoshikilia mkunjo wake. Baadhi ya vifungo hivyo hulegea kwa maji au kwa joto, kisha hukaza upya unywele ukikauka na kupoa. Ndiyo maana nywele za kipilipili zilizonyooshwa kwa joto hujikunja tena zikigusa maji, na hiyo ni dalili ya uzima. Lakini unywele mbichi ukibanwa kati ya vibati vyenye joto la digrii 200, maji yaliyomo ndani yake huchemka papo hapo, nao unywele hufanya mapovu na nyufa kwa ndani. Na joto likizidi mno, hata unywele mkavu huharibika protini yake. Unywele wa namna hiyo haurudi tena. Hakuna parachichi wala mayai yatakayouponya. Hukatwa, ukaota mwingine.

Akina mama wengi tunaozungumza nao wameacha dawa za kunyoosha na kurudia joto. Baadhi wamechoshwa na vidonda vya kichwani. Wengine wamesikia habari za utafiti wa Marekani uliotangazwa Oktoba 2022, uliofuatilia wanawake zaidi ya 33,000 kwa karibu miaka 11. Waliotumia dawa za kunyoosha zaidi ya mara 4 kwa mwaka walionekana kupata saratani ya mji wa mimba zaidi ya mara mbili kuliko wasiotumia. Utafiti ule haukuthibitisha kwamba dawa ndiyo chanzo, lakini mtu hawezi kulaumiwa kwa kuchukua tahadhari. Shida ni kwamba wengi huacha dawa leo, na kesho hununua pasi ya kwanza wanayoiona dukani.

Tuanze na draya, kwa kuwa ndiyo inayotangulia. Nywele zikikaushwa vizuri huku zikivutwa, kazi kubwa ya kunyoosha imekwisha, na pengine pasi haitahitajika kabisa. Wati 1,800 hadi 2,000 zinatosha nyumbani. Tazama zaidi vitufe vyake. Draya nzuri ina kitufe cha upepo mbali na kitufe cha joto, ili uweze kupata upepo mwingi wenye joto kidogo. Iwe pia na kitufe cha upepo baridi cha kumalizia. Kwa nywele zetu inafaa sana yenye kitana cha kuchomeka mbele, lakini hapo ndipo wauzaji hutupunja, kwani vitana vingi huchomoka mara tu vinapokutana na nywele nzito. Kivute kwa nguvu pale pale dukani kabla hujatoa pesa. Kikitoka mkononi mwako, kitatoka kichwani. Na nyuma ya draya pawe na kifuniko cha wavu kinachofunguka, uondoe vumbi na nywele zilizonaswa. Pakiziba, mashine hupata moto na kuanza kunuka.

Usifikie nywele zilizofungamana ukaanza kupiga draya. Zifumue kwanza kwa vidole, kisha kwa chanuo lenye meno mapana, ukianzia nchani kuelekea kwenye ngozi.

Neno moja juu ya zawadi. Umeme wa nyumba zetu hapa Tanzania ni volti 230, wa Marekani ni 120. Ndugu akikuletea draya ya huko, soma kibandiko chake. Kama kimeandikwa 120 tu, usiichomeke. Mmoja wetu alichomeka. Draya ilinguruma kama pikipiki, ikatoa moshi, na harufu ikakaa chumbani hadi jioni. Transfoma ya kubeba draya ya wati 1,875 ni nzito na ya bei kubwa, haifai kununuliwa kwa ajili ya kichwa kimoja. Kwa wanaohesabu LUKU, draya ya wati 2,000 ikiwaka nusu saa imekula uniti moja.

Sasa pasi yenyewe. Ile aliyoazima mama wetu ilikuwa na taa nyekundu tu, imewaka au imezimika. Hakuwa na njia ya kujua ilifika joto gani. Pasi ya namna hiyo hatuishauri hata ikiuzwa kwa bei ya vitumbua. Tafuta inayoonyesha joto kwa tarakimu na inayokuruhusu kulipunguza. Nywele nyembamba au zilizotiwa rangi zianze na digrii 150. Nywele nzito huridhika na 180. Nyingi hufika 230, lakini sisi hatuvuki 200. Vibati viwe vya kauri au titani, upana wa sentimita 2.5 hivi. Ikiwa baridi, pitisha kidole usikie kama kuna mikwaruzo. Kisha ifunge, uielekeze kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapenya katikati, vibati havikutani sawasawa, nawe utalazimika kupitisha mara tano pale pa mara moja. Ile inayojizima yenyewe tunaipenda, maana mtoto akilia jikoni mama hukimbia bila kukumbuka swichi.

Kitana cha moto hatukidharau. Ndicho walichotutengenezea mama zetu Jumamosi kando ya jiko la mkaa, na alama za masikio tunazo. Anayekitumia bado akijaribu kwanza kwenye kitambaa cheupe cha pamba. Kitambaa kikigeuka manjano, nywele nazo zingeungua. Vipo vya umeme vyenye kipimo cha joto, na hivyo ni afadhali.

Kinachoharibu nywele nyingi hapa pwani, hata kwa wenye vyombo vizuri, ni kurudia. Hewa ya Dar es Salaam, Tanga au Mombasa ina unyevu, na nywele zilizonyooshwa alfajiri huanza kujikunja kabla mchungaji hajamaliza matangazo. Mtu akifika nyumbani huwasha pasi tena, na kesho tena. Mara moja kwa wiki mbili au tatu, juu ya nywele safi na kavu kabisa, baada ya kupaka dawa nyepesi ya kukinga joto, yatosha. Mafuta mazito yaje baadaye, kwani chini ya pasi huungua na kutoa moshi. Wapo wazee watakaotukumbusha hapa Waraka wa kwanza wa Petro, sura ya 3. Tunaujua, na tunawasalimu.

Kwa watoto, pasi tumeiondoa kabisa. Nywele zikisukwa kwa uzi zikiwa na unyevu kidogo, jioni, asubuhi hufumuliwa zimerefuka bila moto wowote. Bibi zetu walifanya hivyo, na uzi mweusi dukani bado ni wa bei ndogo.

Mama yule na jirani zake wawili walichanga wakanunua draya moja nzuri yenye kitana kisichochomoka. Hukaa kwake, kwenye kabati la juu. Nywele za mbele za binti alizikata mwenyewe kwa mkasi, huku binti akishika kioo. Sasa zimefika vidole viwili. Krismasi iliyopita mama alimwuliza kama atoe draya, binti akasema angependa twende kilioni, kama rafiki zake wa kwaya.