Washa za Danbury

Anayetaka kuona jinsi mpango mzuri unavyoharibikia karakanani, na asome ripoti ya tume ya Lew Allen ya Novemba 1990 kuhusu darubini ya Hubble. NASA iliirusha Aprili mwaka huo kwa takriban dola bilioni 1.5. Miezi miwili baadaye ikabidi wakiri kwamba picha zake zina ukungu. Kioo kikuu, chenye upana wa mita 2.4, kilisuguliwa na kampuni ya Perkin-Elmer mjini Danbury, Marekani, tena kwa ustadi wa ajabu. Ila umbo silo. Pembezoni kilizidi kuwa bapa kwa mikromita 2.2, kama sehemu moja ya hamsini ya unene wa unywele.

Kioo cha aina hii hakipimwi kwa rula. Humulikwa, mwanga ukarudi kupitia kifaa maalumu, na michirizi inayojitokeza humwonyesha fundi pa kuendelea kusugua. Kifaa kikikosea, kioo nacho hulifuata kosa hilo hatua kwa hatua. Lenzi ya kifaa hicho ilipangwa kwa leza iliyotakiwa kugonga ncha ya ufito kupitia tundu la kifuniko. Rangi ya kuzuia mng'ao ilikuwa imebanduka kwenye kifuniko, leza ikarudi kutokea hapo, na lenzi ikakaa milimita 1.3 nje ya mahali pake. Mafundi walipoona haifiki pale leza hiyo potofu ilipoelekeza, wakajazia nafasi kwa washa za kawaida. Washa! Kifaa kinakataa kukaa, wewe unakilazimisha.

Vifaa vingine viwili vilionyesha kasoro ile ile. Vikapuuzwa, maana ilishaamuliwa kwamba kile kikuu ndicho sahihi kuliko vyote. Kazi imechelewa, bajeti imepitiliza. Nani angethubutu kumpelekea mkubwa wake habari kama hiyo? Hata jaribio la darubini nzima kabla ya kuirusha liliachwa kwa ajili ya gharama.

Bahati ni kwamba kifaa kile kikuu cha kupimia hakikuwa kimefumuliwa. Tume ikakikuta kama kilivyoachwa, ikapima kosa lenyewe. Kwa vipimo hivyo na picha kutoka angani, vikasuguliwa vioo vidogo vyenye kosa la kinyume, na Desemba 1993 wanaanga wa chombo cha Endeavour wakavifunga. Safari hii NASA iliagiza vikaguliwe kwa mitambo tofauti, isiyotegemeana.