Mashine ya Santuri Isiyokula Santuri

Mzee akifariki huko Dongobesh au Katesh, huenda watoto wakakuta santuri zake chini ya kitanda. Labda ni za Mbaraka Mwinshehe. Mbaraka alifariki mwaka 1979, hawezi kuziimba tena. Basi kabla ya kununua mashine ya kuzipigia, elewa kwanza jinsi inavyofanya kazi.

Santuri ina mfereji mwembamba unaozunguka kutoka ukingoni hadi karibu na katikati. Sindano hupita ndani ya mfereji huo na kutetemeka. Mtetemo hugeuzwa kuwa umeme, na umeme kuwa sauti. Sindano ikikandamiza mno, hukwangua kuta za mfereji, kama plau inavyokwangua ardhi. Mfereji ukishaharibika hautengenezeki.

Mashine nyingi za bei rahisi, zile za kisanduku, hukandamiza kwa gramu 5 hivi. Huo ni uzito wa maji ya kijiko kimoja cha chai. Mashine nzuri hukandamiza kwa gramu 2 hivi. Nyuma ya mkono wake kuna kijiwe cha chuma cha kuzungusha, cha kupunguza au kuongeza uzito. Isiyo na kijiwe hicho mimi singeinunua.

Inayosifiwa sana kwa kudumu ni Technics SL-1200 ya Japani. Ilitoka mwaka 1972, ikasimamishwa mwaka 2010, ikarudi sokoni mwaka 2016. Mota yake huzungusha sahani moja kwa moja, haina mkanda. Lakini bei yake ni ya ng'ombe kadhaa! Ya mkanda nayo si mbaya, maana mkanda ukilegea unabadilishwa. Muulize mwuzaji: sindano na mkanda vya mashine hii vinapatikana wapi? Akijibu "vitapatikana tu", aga uondoke.

Kama ni ya mtumba, soma kibandiko cha nyuma. Hapo ndipo kujua kusoma kunapookoa fedha. Umeme wetu ni volti 230. Mashine nyingi zilizouzwa Japani ni za volti 100, na za Marekani ni 120. Ukiichomeka hivi hivi, itaungua. Wenye sola ya betri ya volti 12 watahitaji inveta.

Sasa ijaribu hapo hapo dukani. Bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani, utazame saa. Kwa mwendo wa 33, izunguke mara 100 katika dakika 3. Kwa mwendo wa 45, izunguke mara 45 katika dakika 1. Ikichelewa, mwimbaji atasikika kama mlevi.

Zipo pia santuri za zamani zaidi, nzito, zinazovunjika kama kigae. Hizo ni za mwendo wa 78. Mfereji wake ni mpana, kwa hiyo zina sindano yao. Na sindano ya chuma ya gramafoni la kuzungusha kwa mkono isiguse kabisa santuri za plastiki. Kuipiga mara moja tu kunatosha kuiharibu.

Nyumbani, weka mashine juu ya meza isiyotikisika, na spika mbali na meza hiyo. Santuri zisimamishwe wima, mbali na jua na moto wa jikoni, kwa sababu joto huzipinda. Vumbi lifutwe kwa kitambaa laini kabla ya kupiga.