Kisa cha Ukoo na Dai la Ardhi katika Vilima vya Taita

Wachunguzi wa fasihi simulizi wamezoea kuzigawa ngano, visasili na visakale kwa kufuata maumbo yake. Mgawanyo huo hautufai sana tufikapo Wusi na vilima jirani vya Taita, ambako kisa cha ukoo kilikuwa pia hati ya shamba. Msimulizi alieleza nani aliyefyeka msitu kwanza, mpaka umepita wapi, na mafuvu ya wazee yamo katika pango lipi. Wadawida wa zamani walikuwa na desturi ya kulifukua fuvu la marehemu na kulihifadhi pamoja na mafuvu ya wenzake wa ukoo. Hivyo pango lilisimama kama shahidi wa msimulizi.

Ushahidi huo haukuwa na nafasi katika Sheria ya Ardhi ya 1915 ambayo, kama ilivyofasiriwa mahakamani mwaka 1921, iliwafanya Waafrika kuwa wapangaji tu wa Taji la Uingereza. Ardhi ya Wundanyi ikawa milki ya walowezi. Mkonge ukatanda Voi na Mwatate. Ubaguzi wa rangi ulikuwa hata katika kusadiki: ramani ya Mzungu ilisadikiwa, kisa cha Mdawida hakikusadikiwa.

Hata hivyo kisa cha ukoo kina kasoro yake kisiasa. Kinautetea ukoo mmoja, na mara nyingine dhidi ya jirani. Basi ilikuwaje Taita Hills Association, chama cha akina Mengo Woresha kilichoundwa mwishoni mwa miaka ya 1930, kikaweza kusema kwa niaba ya wote? Rai yetu ni kwamba mwisho wa kisa ulibadilika. Zamani kilikoma babu alipotulia katika ardhi yake. Sasa kilikoma mjukuu alipoondolewa. Mwisho huo kila ukoo uliweza kuutia pango lake. Hata kisakale cha Mwangeka, aliyeuawa mwaka 1892 akipigana na Kampuni ya IBEA, hakikuwa tena mali ya Mwanda peke yake.

Tusikuze mambo: masimulizi hayakuirudisha Wundanyi. Mwezi Mei 1940 Serikali ilikipiga marufuku chama hicho, pamoja na KCA na Ukamba Members Association, na viongozi wakawekwa kizuizini Kapenguria. Lakini mkusanyaji wa leo anayeandika visa hivi na kuyaacha majina ya mapango na mipaka, akiyadhani ni marudio yanayochosha, anaiacha sehemu ile ile ambayo watu hao walifungiwa.